Chawa "sugu": chanuo na kalenda kabla ya dawa ya ng'ombe

Haya ni maelezo ya afisa wa mawasiliano wa serikali ya kaunti mbele ya wazazi, walimu na wahudumu wa afya ya jamii katika mkutano wa wazazi wa shule ya msingi. Yamehaririwa kidogo ili yasomeke.



Nilipowaambia wenzangu ofisini kwamba leo nazungumzia chawa, mmoja aliuliza kama ni wale wanaofuatana na wanasiasa. Sivyo. Hao tuwaachie wenyewe. Leo ni chawa mwenyewe, yule mwenye miguu sita, anayekaa kwenye nywele za mtoto na kumnyima usingizi. Mimi si daktari. Kazi yangu ni kuchukua yale ambayo idara ya afya inayajua na kuyaleta kwenu kwa lugha tunayoelewana. Muuguzi wetu wa zahanati ameketi hapa mbele, nikiteleza atanirekebisha.

Nimekuja kwa sababu ya ushauri mmoja unaotembea vijijini na sokoni. Mzazi amempaka mtoto dawa ya kemisti. Chawa wakapungua, wiki moja baadaye wakarudi. Akanunua nyingine, wakarudi tena. Ndipo jirani mwenye nia njema kabisa anamwambia, "Hao wamekuwa sugu, hawasikii dawa ya watu. Chukua kidogo ile ya kuogeshea ng'ombe, uchanganye na maji, utaona." Wengine husema mafuta ya taa. Wengine, ile ya mkebe ya kupulizia mbu. Nitaeleza kwa nini ushauri huo unaweza kumuua mtoto, lakini kwanza lazima tujue ni kwa nini wale chawa walirudi, maana mzazi asiyejua hilo ataishia kwenye ile chupa tu.

Chawa wa kichwani ni mdogo kama mbegu ya ufuta. Hana mabawa, na haruki kama kiroboto. Anatembea tu, kutoka unywele hadi unywele, kwa hivyo njia yake kubwa ni kichwa kugusana na kichwa: watoto wawili kitanda kimoja, watatu wameinamia kitabu kimoja darasani, wasichana wamebanana kupiga picha kwa simu. Kofia, kitana na kitambaa cha kichwa vinaweza kumpeleka, lakini si sana kama tunavyofikiri, kwa sababu akitoka kichwani na kukosa damu hufa kwa siku moja au mbili.

Hatafuti uchafu. Anatafuta damu, na damu ya mtoto aliyeoga ni ileile. Kuna pia wanaosema chawa ni wa nywele za Wazungu, hawashiki nywele zetu za kipilipili. Kucha za chawa hushika unywele kama koleo, na chawa wa Afrika wamezizoea nywele za Kiafrika tangu zamani. Kwa hivyo mama anayemkuta mtoto wake na chawa hana haja ya kuona haya mbele ya mtu yeyote.

Sasa mayai. Jike hutaga mayai kama 6 hadi 8 kwa siku, na anaweza kuishi karibu mwezi mmoja. Kila yai hulibandika kwenye unywele, karibu kabisa na ngozi penye joto, kwa gundi ambayo sabuni haiitoi. Yai huanguliwa kwa siku 7 hadi 10 hivi. Mtoto wa chawa akitoka, huchukua siku nyingine 9 hadi 12 kukomaa na kuanza kutaga yeye mwenyewe.

Dawa nyingi za chawa huua wale wanaotembea, lakini haziyamalizi mayai. Umepaka Jumamosi, chawa wote wakafa, mtoto akalala vizuri. Jumamosi inayofuata mayai yanaanguliwa. Jumapili unaona kitu kinatembea, unasema, "Dawa imeshindwa, hawa ni sugu." Hao si wale uliowapaka dawa. Ni watoto wao. Dawa yako ilifanya kazi yake, ila ilihitaji kurudiwa, na kurudiwa kwa siku inayofaa: baada ya mayai kuanguliwa na kabla watoto hao hawajaanza kutaga. Kwa dawa ya permethrini, siku ya 9 ndiyo inayopendekezwa. Ukipaka Jumamosi na kuihesabu kuwa siku ya kwanza, siku ya 9 ni Jumapili ya wiki inayofuata. Andika kwenye kalenda ya ukutani. Nyumba nyingi zinazolalamika juu ya chawa sugu hazikukosa dawa kali, zilikosa ile Jumapili.

Kosa jingine ni la mfuko, na silisemi kwa dharau kwa sababu najua bei ya vitu. Chupa moja inanunuliwa kwa kichwa kimoja, inagawiwa watoto wanne, pengine inaongezwa maji ili ienee. Au inapakwa juu ya misuko ambayo haikufumuliwa, haifiki kwenye ngozi. Au nywele zina mafuta mazito, dawa inateleza juu yake. Kila mara chawa wengine wanapona.

Halafu kuna kurudishiwa. Umemtibu Mwende, hukumwangalia kaka yake, wala nyanya anayelala naye, wala dada wa kazi anayemsuka. Baada ya siku tano wamemrudishia. Siku ya kutibu ni siku ya kuangalia kila kichwa ndani ya nyumba, cha baba kikiwemo, na wote wenye chawa hai watibiwe siku hiyohiyo.

Je, usugu wa kweli upo? Upo. Wakulima wa Yatta na Masinga hawahitaji kufundishwa hili: ukimwogesha ng'ombe kwa dawa iliyopunguzwa nguvu, kupe dhaifu hufa, wenye nguvu hubaki na kuzaa, na baada ya miaka josho lako ni maji tu. Chawa ni vivyo hivyo. Permethrini ni ndugu wa pareto, lile ua ambalo Kenya ilipata kuwa mzalishaji wake mkubwa duniani; wanasayansi waliiga sumu ya ua hilo kwenye maabara. Imetumika kila mahali kwa miaka mingi, na chawa wamejifunza. Huko Marekani, utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulipima chawa kutoka majimbo 48 na kukuta karibu wote wana mabadiliko ya vinasaba yanayowapa kinga dhidi ya dawa za jamii hiyo. Kwa hivyo ukitumia dawa sawasawa, ukairudia siku ya 9, ukatibu nyumba nzima, na siku inayofuata bado kuna chawa wanaotembea kwa nguvu zao zote, hapo una sababu ya kushuku usugu. Jibu lake ni kubadilisha aina ya dawa kwa ushauri wa mhudumu wa afya. Kuongeza kipimo hakusaidii.

Na kabla ya yote hayo, hakikisha ni chawa. Wako watoto wanaopakwa dawa ya chawa miezi mitatu ilhali wana mba au mapunye. Chana nywele juu ya karatasi nyeupe au leso nyeupe, mchana, penye mwanga. Ukiona mdudu anatembea, ni chawa. Ukiona vitu vyeupe tu, jaribu kuvivuta kwa kucha: mba huteleza na kuanguka, yai limegandamana. Na yai lililo mbali na ngozi, sentimita moja au zaidi, kwa kawaida ni ganda tupu au limekufa, limepanda pamoja na unywele ulipokua. Magamba hayo yanaweza kubaki wiki nyingi baada ya chawa wote kufa, na hayahitaji dawa. Mapunye nayo huleta mabaka yenye magamba na nywele kukatika. Huo ni ukungu, na unatibiwa kwa vidonge au dawa ya kunywa kwa wiki kadhaa kutoka zahanati. Dawa ya chawa haiugusi.

Ile chupa

Narudi sasa kwenye dawa ya ng'ombe, na hapa naomba walio nyuma wasogee wasikie.

Dawa za kupe zinazouzwa kwenye agroveti zina sumu za aina mbalimbali. Nyingine ni amitrazi, nyingine ni za jamii ya oganofosfeti, nyingine ni ndugu wa ile permethrini lakini kwa nguvu kubwa mno. Zimesajiliwa nchini kwa matumizi ya mifugo, na kibandiko chake kimepimwa kwa mnyama. Kifuniko kimoja kinachowekwa kwenye ndoo kwa ajili ya ng'ombe wa kilo 300 hakina hesabu yoyote kwa mtoto wa kilo 18.

Sumu hizi hupita kwenye ngozi. Ngozi ya kichwa ina mishipa mingi ya damu, na mtoto mwenye chawa amejikuna hadi akatoka vidonda, kwa hivyo mlango uko wazi. Kisha mzazi hufunga kichwa kwa mfuko wa plastiki "ili dawa iingie". Inaingia kweli. Oganofosfeti huvuruga mawasiliano ya neva na misuli: mboni za macho husinyaa, mate na jasho hutoka kwa wingi, mtoto hutapika, hutetemeka, pumzi hukatika. Amitrazi humfanya asinzie kupita kiasi, mapigo ya moyo yakapungua, shinikizo la damu likashuka. Huyu wa pili ndiye anayenitia hofu zaidi, kwa sababu mama anaweza kumwona amelala akashukuru kwamba leo kapata usingizi.

Mafuta ya taa nayo huunguza ngozi, na mvuke wake na matone yanayoingia mapafuni huleta homa mbaya ya mapafu. Zaidi ya hayo, mtoto aliyepakwa mafuta ya taa akikaa jikoni karibu na moto wa kuni, sina haja ya kumalizia sentensi hiyo. Dawa ya mbu ya mkebe imetengenezwa kwa chumba kitupu, si kwa kichwa.

Kama tayari umempaka mtoto chochote katika hivi, usingoje dalili. Mvue nguo zilizoloa, mwoshe kichwa na mwili kwa maji mengi na sabuni, jikinge mikono yako kwa mfuko au glavu, kisha mpeleke hospitalini na uibebe ile chupa. Ibebe, hata kama unaona haya. Daktari akijua ni sumu gani, hapotezi muda kubahatisha, maana tiba ya oganofosfeti siyo ya amitrazi. Hakuna atakayekuja kukukamata kwa kusema ukweli. Na kama mtoto anasinzia kupita kawaida, anatoa povu, anatetemeka au anapumua kwa shida, usipitie popote, nenda moja kwa moja kwenye hospitali iliyo karibu yenye huduma za dharura.

Chanuo, dawa na siku

Kwenye magofu ya Lachish, huko Israeli, wachimbuaji walipata chanuo kidogo cha pembe ya ndovu chenye umri wa miaka kama 3,700. Mwaka 2022 wataalamu walitangaza kwamba kina maandishi, na maandishi hayo ni ombi kwamba chanuo hicho kiwang'oe chawa wa nywele na ndevu. Ni miongoni mwa sentensi za kale kabisa zilizoandikwa kwa alfabeti, na inahusu chawa! Nalitaja kwa sababu chanuo lenye meno ya karibu bado linafanya kazi, na hakuna chawa aliyewahi kuwa sugu kwa chanuo.

Namna yake ni hii. Lowesha nywele, paka mafuta ya kutosha au losheni ya kulainisha nywele ili chawa ateleze na ashindwe kukimbia, gawa nywele mafungu madogo, na kila fungu ulichane kutoka kwenye ngozi hadi ncha, ukifuta chanuo kwenye kitambaa cheupe kila mara. Fanya hivyo siku ya 1, ya 5, ya 9 na ya 13. Siku ya 17 angalia tena, na ukikosa chawa hata mmoja, umemaliza. Maji yanayohitajika hayajai hata beseni moja, jambo ambalo wenzetu wa pande kavu za kaunti hii wataliona haraka.

Ila nisiwadanganye. Vitabu vingi vinavyosifu njia hiyo viliandikwa kwa nywele zilizonyooka. Kwenye nywele zetu nene za kipilipili, chanuo la meno ya karibu la plastiki linavunjika, na mtoto analia. La chuma ni afadhali, mafuta yawe mengi, mafungu yawe madogo, na ujitengee nusu saa. Ukiona haiwezekani, una njia mbili za heshima: dawa inayopakwa, au kunyoa. Kunyoa kunasaidia kweli, kwa sababu chawa asiye na unywele hana pa kushika wala pa kutaga. Lakini iwe ni uamuzi wa nyumbani, mtoto akiwa ameelezwa.

Kwa dawa, uliza zahanati au kemisti iliyosajiliwa na Bodi ya Famasia na Sumu. Permethrini ya asilimia 1 na losheni ya benzili benzoeti, ile nyeupe ambayo wengi wenu mnaijua kwa upele, zote zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Ile ya benzili huwasha, na kwa watoto wadogo lazima mhudumu akuambie iongezwe maji kiasi gani, au kama isitumike kabisa. Usimpake mtoto mchanga chochote bila kumwona mhudumu, na mama mjamzito aulize kwanza.

Kuna pia dimetikoni, ambayo si sumu ya neva. Ni mafuta ya silikoni yanayomfunika mdudu na kuziba njia zake za hewa, na kwa sababu hiyo ni vigumu chawa kuizoea. Hapa Kenya ina historia yake. Dawa ya aina hiyo iliyotengenezwa Ujerumani kwa ajili ya chawa ilijaribiwa dhidi ya funza kwa watoto wa Gatundu, kaunti ya Kiambu, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2014. Baada ya siku saba, asilimia 78 ya funza waliopakwa walikuwa wamekufa, huku ile dawa ya zambarau tuliyoizoea ikiua asilimia 39. Haipatikani katika kila duka na bei yake si ndogo, lakini inafaa kuiulizia kama dawa nyingine zimeshindwa.

Juu ya matandiko, msijichoshe. Shuka, foronya, kofia na vitambaa vya kichwa vilivyotumika siku mbili zilizopita vifuliwe kwa maji ya moto au vipigwe pasi. Visivyofulika vifungwe kwenye mfuko wa plastiki wiki mbili. Kupulizia nyumba dawa hakuna faida. Tofauti iko kwa chawa wa nguo, yule anayekaa kwenye mishono ya nguo na matandiko ambayo hayafuliwi, penye msongamano na shida ya maji. Huyo ndiye hubeba maradhi: jirani zetu wa Burundi walipata mlipuko mkubwa wa homa ya tifasi katika kambi za waliohama makwao mwaka 1997, na aliyeusambaza ni chawa wa nguo. Yeye hutibiwa hasa kwa kufua na kubadilisha nguo. Chawa wa kichwani huleta mwasho, vidonda na kukosa usingizi, na hayo yanatosha, lakini hajulikani kwa kueneza magonjwa ya namna hiyo.

Neno kwa walimu

Walimu wangu, najua darasa la watoto 60 si mchezo. Lakini kumrudisha mtoto nyumbani kwa sababu ya chawa hakuwazuii chawa. Kwa kawaida akigundulika leo amekuwa nao wiki kadhaa. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kinashauri mtoto asizuiwe shule kwa sababu ya chawa au mayai yake. Amalize siku yake, mzazi apewe ujumbe wa faragha, matibabu yaanze jioni hiyo. Na kumnyoa msichana mbele ya gwaride ili wengine "wajifunze" kunawafundisha jambo moja tu: kuficha. Mtoto anayeficha chawa wake chini ya kofia ya baridi ndiye atakayewagawia wenzake muhula mzima.

Wahudumu wa afya ya jamii, mnapopita nyumbani kwa nyumbani, ongezeni swali moja: umewahi kupaka nini kichwani mwa mtoto? Ulizeni kwa upole. Mkisikia habari ya josho, elezeni pale pale, na mwiteni muuguzi. Wazazi ambao hawajajisajili na SHA wajisajili, kwa sababu kwa waliojisajili, huduma za msingi za zahanati na vituo vya afya zinalipiwa na Hazina ya Afya ya Msingi, na kumwona mhudumu mapema ni rahisi kuliko kununua chupa tatu kwa kubahatisha.

Nimemaliza sehemu yangu. Muuguzi amekuja na chanuo la chuma, kitambaa cheupe na mafuta, anataka kuonyesha namna ya kugawa mafungu. Tunahitaji mtu mzima mmoja aliyefumua misuko, ajitolee. Naibu wa chifu amesema yeye hana nywele, kwa hivyo msimtazame.